Siku tano chini ya Exobourgo

Siku ya kwanza

Meli iliondoka Rafina, mashariki ya Athens, saa moja na nusu asubuhi. Dada alikuwa ameniambia nibebe koti. Nikamjibu kwamba huu ni Juni na huku Juni ni joto, nimesoma. Akanitazama anavyotazamwa mtoto anayebishana na moto, akanyamaza. Ameishi Ugiriki miaka kumi na moja akitunza wazee wa watu. Mimi nilikuwa na siku nane tu tangu nitoke Mombasa. Tulipotoka gati la Andros upepo ulinishika masikio yote mawili. Dada akafungua mkoba, akatoa koti la pili, akanipa bila neno.

Upepo huo wanauita meltemi. Unatoka kaskazini, lakini majira yake ni yale ambayo kwetu kusi inavuma, kwa hiyo kwa siku zote tano sikuweza kukubaliana nao kichwani.

Niliuona mlima kabla ya kuuona mji. Tinos, kisiwa tulichokuwa tunakiendea, imelala chini, kahawia, imekatwa matuta tangu ufukweni hadi juu, halafu katikati linachomoza jabali la Exobourgo kama jino lililobaki peke yake kinywani mwa mzee. Nikamwonyesha dada. "Ndilo lile?" Akasema ndilo, na kwamba hajawahi kulipanda ingawa amekuja Tinos mara tatu. Wagiriki hawaji Tinos kwa ajili ya jabali. Wanakuja kwa ajili ya kanisa.

Na kanisa ulione au usilione, litakuona. Kutoka bandarini barabara inapanda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Panagia Evangelistria, karibu mita 800, na pembeni yake wametandika zulia refu kwa ajili ya wanaopanda kwa magoti. Tulimkuta mwanamke mmoja njiani, kijana kuliko mimi, amevaa vilinda magoti vya wachezaji wa mpira wa wavu. Mwaka 1822, Wagiriki wakiwa vitani kuwania uhuru, mtawa wa hapa aitwaye Pelagia aliota kuna picha takatifu imefukiwa shambani. Walichimba, na tarehe 30 Januari 1823 ikapatikana. Tangu hapo kisiwa hakijapumzika na wageni. Dada aliwasha mshumaa kwa ajili ya mama yetu. Sisi ni Wakatoliki na kanisa hili ni la Waorthodoksi, lakini dada husema mama wa Yesu hana muda wa mambo hayo.

Tumepanga chumba kwa bibi mmoja anayekaa nyuma ya soko la samaki. Dada anamwita "kyria", na bibi anamwita dada "binti yangu". Jioni, kabla hajatuonyesha pa kuoshea vyombo, alitoka kibarazani akautazama mlima. Kilele kikiwa na wingu, alisema, kesho upepo. Hakikuwa na wingu.

Siku ya pili

Tulipanga kwenda mlimani leo, lakini basi tuliloambiwa linaondoka saa nne lilikuwa limeondoka saa tatu na nusu, na aliyetuambia saa nne ndiye huyo huyo aliyetucheka. Basi. Tukaingia makumbusho, ambayo yapo barabara ile ile ya kanisani.

Nilifikiri nitaona vigae, nitoke. Badala yake nilisimama mbele ya mtungi. Mtungi wenyewe unanipita kimo, wa udongo, umefinyangwa karne ya 7 kabla ya Kristo, na umetoka Exobourgo. Shingoni mwake kuna mtu ameketi kwenye kiti, ana mabawa, na kichwani mwake anachomoza kiumbe mwingine mdogo mwenye silaha. Wengi wanasema huyo ni mungu wa kike Athena anazaliwa kichwani kwa Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki wa kale. Dada alitazama sana. "Huyu alikuwa na kichwa kinachouma kweli," akasema.

Maana ya mtungi ule kwangu ni kwamba mlima ulikuwa na watu miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Venice, dola ya baharini ya Italia, kufikiria kuutia ngome. Mwanaakiolojia Nikolaos Kontoleon alichimba kwenye miteremko yake katika miaka ya 1950 na kukuta ukuta wa mawe makubwa mno na mahali pa ibada. Ukifikiri, si ajabu. Anayekaa juu ya lile jabali anaona bahari ya pande zote mbili za kisiwa, na katika bahari hii, kuona meli kabla haijakuona wewe ndiyo bima pekee iliyokuwapo.

Mchana dereva wa teksi alitupeleka Tarambados kuona minara ya njiwa. Sikuwa nimeiweka kwenye mipango yangu. Dada ndiye aliyeitaka. Ni majengo ya ghorofa mbili bondeni, meupe na kijivu, na sehemu ya juu ya ukuta imetobolewa kwa vibamba vya mawe vilivyopangwa pembetatu, majua, miti ya mvinje. Njiwa wanaingia humo kama wenye nyumba. Kisiwani kuna mamia. Kwa muda mrefu kufuga njiwa ilikuwa haki ya mabwana tu. Mkulima aliwaona wakila nafaka yake na hakuruhusiwa kuwa nao. Utawala wa Venice ulipoondoka, kila aliyekuwa na bonde na mawe akajijengea mnara. Nyama ilikuwa chakula, na samadi ilikuwa karibu sawa na fedha. Dereva alisema bibi yake alikuwa anapika supu ya njiwa kwa mzazi aliyetoka kujifungua. Kwetu ni kuku, lakini nilielewa.

Jioni wingu lilikaa kilele. Bibi akatikisa kichwa.

Siku ya tatu

Tulipanda hata hivyo.

Basi lilituacha njia panda ya Xinara na tukatembea hadi kwenye monasteri ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, iliyojengwa chini kabisa ya jabali, mgongo wake umeegemea mwamba. Kutoka hapo njia ni ya mawe, nusu saa kwa mwenye mapafu mazuri. Mimi nilitumia dakika hamsini. Upepo ulikuwa unatusukuma ubavuni kama mtu anayetaka kupita foleni, na mara mbili tuliketi chini si kwa kuchoka bali kwa kuogopa kupeperushwa.

Kwanza unafika penye mji, au palipokuwa na mji. Kuta zinazofika kiunoni, kizingiti bila mlango, ngazi tatu zinazopanda kwenda hewani. Hapa ndipo jina lilipotoka. Kitongoji cha nje ya kuta za ngome watu wa Venice walikiita "borgo". Wagiriki wakatanguliza "exo", yaani nje. Ngome yenyewe ilikuwa ya Mtakatifu Helena. Leo Mtakatifu Helena anakumbukwa na wasomi, na mlima mzima unaitwa kwa jina la wale waliokaa nje ya ukuta. Mombasa tunasema "Ngomeni" hata kwa mtaa ambao hauna uhusiano na ngome zaidi ya kuitazama, kwa hiyo hili nalo lilinifurahisha kwa namna yake.

Tukajibanza nyuma ya ukuta uliokuwa mzito vya kutosha, dada akafungua mkate na jibini, na hapo nikampa historia, maana ndiyo iliyonileta.

Mwaka 1204 askari wa msalaba waliotoka kwao kwenda kupigana na Waislamu waliishia kuiteka Constantinople, mji wa Wakristo wenzao. Milki ya Byzantium ikagawanywa kama mirathi yenye ugomvi. Familia za Venice zikaambiwa: visiwa vile, atakayevishika ni vyake. Ndugu wawili, Andrea na Geremia Ghisi, wakachukua Tinos na Mykonos mwaka 1207. Ukoo wao ulitawala miaka 183. Wa mwisho alikufa mwaka 1390 bila mtoto, akaiachia Venice kisiwa. Kuanzia hapo Venice ilituma liwali wake mwenyewe, akakaa hapa juu, na wakazi wakazoea kukimbilia hapa kila tanga geni lilipoonekana.

"Miaka mingapi?" dada akauliza.

Miaka 325 ya Venice moja kwa moja. Ukichanganya na ya akina Ghisi, 508.

Si kwamba hawakuguswa. Mwaka 1537 Barbarossa, jemadari wa baharini wa Sultani wa Waosmani, yaani Waturuki, alipopita akivunja visiwa kimoja kimoja, Tinos nayo ilisalimu amri. Lakini wenyeji wakairudisha bendera ya Venice wenyewe. Mwaka 1570 Waosmani walikuja tena, na liwali Girolamo Paruta akawastahimili kutoka hapa hapa tulipokuwa tunakula jibini. Cyprus ilianguka. Krete ikaanguka baada ya vita vya miaka zaidi ya ishirini, mwaka 1669. Visiwa vyote vya jirani vilikuwa tayari chini ya Istanbul. Tinos ikabaki peke yake katikati ya bahari ya Waosmani, kidoti cha Venice kisichofutika.

Nilipanda nikiwa na hasira na mtu mmoja, naye ni Bernardo Balbi, liwali wa mwisho. Nilimsoma nikiwa bado Mombasa: Juni 1715 merikebu za Sultani Ahmed III zilifika, askari wakashuka, na Balbi akatoa funguo ndani ya siku chache. Ngome ambayo watu wameifia karne tano, yeye akaitoa kwa kalamu. Hapa chini kwenye mabaki ya kuta nilitaka kumchukia nikiwa nimesimama alipokuwa amesimama.

Tukamalizia kupanda. Juu kabisa kuna msalaba mkubwa, mwamba mtupu wa graniti, vipande vya ukuta vilivyoshikilia ukingo, na upepo. Ukishika nguzo ya msalaba unaiona Syros, unaiona Mykonos, na Delos nyuma yake kama ganda, na siku hiyo nadhani niliiona Naxos pia. Uzuri wake sitausema. Nilichokiona zaidi ni umbali. Bandari iko kule chini, kilomita kadhaa za matuta. Mtu akishusha jeshi pale, aliye huku juu anaona kila kitu na hawezi kuzuia chochote. Mizinga yake inalilinda jabali, haikilindi kisiwa.

Halafu kuna suala la watu. Mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Tournefort, alipita hapa mwaka 1700 akawakuta askari wachache waliovaa matambara, baadhi yao Wafaransa waliotoroka jeshi lao. Hiyo ni miaka 15 kabla ya Balbi. Waliobaki kumsaidia walikuwa wakulima wa vijiji, na mashamba yao yalikuwa kule chini tayari mikononi mwa adui.

Dada alikuwa ameshika koti lake kwa mikono miwili. Nikapiga kelele kuushinda upepo: "Wewe ungetoa funguo?"

"Mimi ningehesabu watu kwanza," akasema. Anafanya kazi na wazee ishirini na wawili usiku, wahudumu wawili. Kuhesabu ni mazoea yake.

Nikafikiria kwetu. Wareno walifungiwa ndani ya Fort Jesus kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Hawakutoa funguo. Walingoja meli za Goa, na wakati wakingoja, maradhi yakawamaliza mmoja mmoja, wao na Waswahili waliokuwa nao ndani. Waomani walipopanda ukuta hatimaye, waliobaki hai walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Msaada ulipofika, bendera ilikuwa imeshabadilika. Tulipokuwa wadogo tulipelekwa kuona ngome ile na shule, na hakuna aliyetuambia kama walifanya vizuri kungoja. Waliandikwa mashujaa, Balbi akaandikwa mwoga, na kati yao kuna miaka 17 tu.

Na kuna mtu wa upande wa pili, ambaye ningependa kumjua kuliko Balbi. Aliyeongoza merikebu za Sultani ni Kapudan Pasha Canum Hoca. (Hilo "hoca" ni ndugu wa neno lililotupa sisi Khoja.) Venice ilipoiteka Koroni, kusini mwa Ugiriki, mwaka 1685, huyu alikamatwa, akafungwa minyororo kwenye merikebu yao ya makasia. Alipiga kasia miaka saba. Kisha akakombolewa kwa dukati 100. Miaka 30 tangu siku aliyokamatwa, liwali wa Venice akashuka mlima huu akiwa na karatasi ya kusalimu amri na kumkabidhi mtu aliyewahi kuzivuta meli za Venice kwa mgongo wake. Sijui kama Balbi alijua anampa nani. Canum Hoca aliijua bendera ile, bila shaka, kwa upande wake wa chini.

Alimruhusu Balbi aondoke na askari wake. Venice ndiyo haikumruhusu. Alipofika nyumbani alishukiwa kuhongwa, akatiwa gerezani na humo akamaliza maisha. Baadhi ya familia kubwa za Kikatoliki za Tinos zilipakiwa melini zikapelekwa pwani ya Afrika Kaskazini ili zisilete matata. Ngome ikabomolewa, asirudi mtu. Mwaka 1718, kwenye mkataba wa Passarowitz, Venice ikaandika kwa mkono wake kwamba Tinos si yake tena.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Dada aliteleza, akakaa, akaendelea kuteremka akiwa amekaa, kistaarabu kabisa, hadi penye nyasi. "Bora magoti ya yule msichana wa jana," akasema. Ilikuwa juzi, lakini sikumsahihisha.

Siku ya nne

Miguu imekataa. Tumekodi gari kwa nusu siku tukazunguka mlima kwa chini, kwa nyuma yake, ambako sikujua kuna vijiji vingi hivyo. Hasira yangu kwa Balbi ilikuwa imepoa usiku. Sasa nilitaka kujua wale wa borgo walikwenda wapi.

Jibu ni kwamba hawakwenda mbali. Wengine walishuka pwani, kwenye bandari iliyoitwa San Nicolo, na hiyo ndiyo imekuwa mji mkuu, ule wenye zulia. Wengine walitua vijijini hapa chini ya jabali. Askofu mkuu wa Wakatoliki ana makao yake Xinara, umbali wa kurusha jiwe kutoka mahali njia ya mlima inapoanzia. Loutra kuna majengo ya Wajesuiti na ya masista wa Ursula waliokuwa na shule kubwa ya wasichana. Dada aliingia kanisa moja la Kikatoliki, akatoka anacheka: baada ya miaka kumi na moja ya kuwa Mkatoliki peke yake mtaani kwake Athens, amekuta kijiji kizima.

Waosmani walifikiri wakiondoa ngome na familia za wakubwa, Ukatoliki utakauka. Haukukauka. Vijiji vingine ni vya Wakatoliki, vingine vya Waorthodoksi, vingine wamechanganyika.

Volax nilikaa zaidi. Ni kijiji kidogo ndani ya bonde la mawe ya duara, makubwa kama nyumba, yametapakaa kama mchezo wa bao ulioachwa katikati. Nyumba zimejengwa kati ya mawe, na zingine zimetumia jiwe kama ukuta wa nne. Mzee mmoja alikuwa barazani anasuka kikapu. Wanaume wa hapa ndio wanaosuka, jambo lililomshangaza dada, kwa maana bibi yetu alikuwa akisuka na babu akipokea. Nikanunua kimoja, kidogo. Mzee alipoelewa kwamba tulipanda jana na upepo ule, alimwuliza dada kwa Kigiriki neno moja, naye hakutaka kulitafsiri.

Siku ya tano

Wingu lilikuwa kilele tangu asubuhi, nene, jeupe, limekaa kama kofia ya Mswahili aliyetoka kunyoa. Bibi hakuhitaji kusema. Bandarini walitangaza meli zimezuiliwa hadi upepo upungue. Tuliketi na masanduku pamoja na mahujaji, wote wamebeba chupa za maji matakatifu na maboksi ya haluwa yao ya waridi.

Bandari hii hii ndiyo iliyopigwa tarehe 15 Agosti 1940, siku ya sikukuu ya Bikira Maria, mahujaji wakiwa wamejaa. Nyambizi ya Italia iliizamisha meli ya kivita ya Kigiriki, Elli, iliyokuwa imetia nanga kwa heshima ya sikukuu. Nchi mbili hazikuwa bado vitani. Niliyasoma hayo kwenye kumbukumbu yao kanisani. Kule juu ngome ilikuwa gofu la miaka 225 na isingeweza kufanya lolote, kama ambavyo haikuweza mwaka 1715: iliona tu.

Saa tisa alasiri wakaruhusu meli moja, kubwa, ya Piraeus, si ya Rafina tuliyokuwa na tiketi zake. Dada akabishana dirishani kwa Kigiriki cha kasi ambacho sijawahi kumsikia nacho, akarudi na tiketi mbili na uso wa mtu aliyeteka mji. Mama akapiga simu tukiwa tunapanda. Alitaka kujua kama mshumaa uliwashwa. Dada akasema uliwashwa. Kisha akataka kujua mimi nimekwenda kufanya nini huko, nikamwambia nimekwenda kuona ngome ya watu wa Venice, iliyovunjwa. "Na hapa tunayo nzima," mama akasema, "mara ya mwisho umeingia lini?"

Nikahesabu. Darasa la sita.

Tulikaa sitaha ya nyuma hadi mji ukawa mstari mweupe. Kilele hakikuonekana, wingu lilikuwa limeshuka hadi penye kuta za borgo. Dada alikuwa ameshafunga vifungo vya koti lake vyote. Akaninyooshea la pili.